Nina Watu Majini

Kabla hajavuta kiti popote, Kocha alihesabu watu. Ungempeleka Kenyatta Market kula nyama, angesimama kwanza pale mlangoni midomo ikicheza, apitishe macho kutoka kwa mchomaji hadi kwa mama wa kachumbari, ndipo akae. Ungemwalika arusini, angekwambia hema la kushoto lina watu wangapi kabla hajakwambia bibi arusi alivaa nini. Hata msikitini, alikiri mwenyewe, akigeuza uso kulia na kushoto kumaliza swala, alijikuta amehesabu safu nzima.

"Mungu anisamehe," alisema, "lakini haya macho hayaniulizi."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui, na huko mbele utaona kwamba kutojua kwangu ni aibu yangu mwenyewe. Ninachojua ni kwamba alikuwa mtu wa Mombasa kwa maneno yake na kwa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na kwamba alifundisha kuogelea katika chuo kimoja cha Nairobi, upande wa Loresho, ukishaiacha barabara ya Waiyaki Way na kelele zake. Nimemjua miaka kumi na tisa. Miwili niliogelea mbele ya macho yake, na kumi na saba nimesimama kando yake kila Jumamosi nikishika saa.

Bwawa lenyewe usilifikirie kama yale ya hotelini. Lilikuwa nyuma ya mabweni, limezungukwa na ukuta mrefu pande tatu, juu umepandwa vipande vya chupa. Upande wa nne kulikuwa na chumba cha pampu. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa chuma, na ufunguo wake Kocha aliuvaa shingoni pamoja na filimbi. Ukishaingia ndani huoni chochote isipokuwa maji, ukuta na kipande cha mbingu. Wageni walisema panatuliza. Mimi nilikuwa nikipumua vizuri nikishatoka nje.

Halafu bwawa hilo lilikuwa fupi. Zamani ukuta wake wa ndani ulipasuka, na fundi aliyeitwa aliona taabu kuubomoa, akajenga mwingine mbele yake. Mita mbili zikapotea hivyo hivyo na hakuna mkubwa aliyeuliza. Sisi hatukujua. Tulifanya mazoezi muhula mzima tukihesabu mikono: mkono wa kumi na tisa, pinduka, sukuma ukuta kwa miguu. Tulipokwenda mashindano yetu ya kwanza kwenye bwawa la kipimo halali, timu yote ilipinduka kwenye mkono wa kumi na tisa, na ukuta haukuwepo. Watu wanane walipiga teke maji matupu mbele ya vyuo vingine vyote. Jukwaa lilicheka mpaka likachoka. Kocha peke yake hakucheka, wala hakutugombeza. Alitwambia tu kwenye basi, "Mumezoea nyumba ndogo," kisha akatazama dirishani mpaka tukafika.

Wanafunzi wapya walidhani watafundishwa kuogelea siku ya kwanza. Walikosea sana. Wiki tatu nzima Kocha hakutaka kuona mkono wala mguu ukifanya kazi. Alitaka ulale chali juu ya maji, masikio ndani, ukae kimya. Basi. Vijana waliolelewa kwa jembe na mpira wa raga waliliona hilo kuwa tusi. Waliingia majini wakayapiga kama wanaua nyoka.

"Mwanangu," Kocha aliwauliza kutoka kandoni, "unampiga nani? Maji hayajakukosea."

Nakumbuka jitu moja la mwaka wa kwanza, kifua kama kabati, likipiga kelele, "Kocha, aki hii kitu inanimeza!"

"Haikumezi. Wewe ndiye unayeinywa. Funga kinywa ulale."

"Siwezi lala, nitaenda chini!"

"Anayekwenda chini ni anayepigana. Hebu wacha mikono. Wacha shingo. Mimi niko hapa, siendi popote."

Jitu likalala. Baada ya muda likaanza kutabasamu huku limefumba macho, na sisi tuliokuwa tumeshapita hatua hiyo tulijua kwamba huyo sasa amenaswa, hatakosa mazoezi tena. Kwa Kocha, kuogelea kote kulikuwa kule kulala. Mbio, mitindo na medali ni mapambo yaliyokuja baadaye. Mtu anayeweza kukaa juu ya maji bila kufanya lolote, alisema, hana tena wa kumtisha.

Ila yeye mwenyewe hakuwahi kulala popote. Miaka yote hiyo sikumwona ameketi kandoni mwa bwawa hata dakika tano. Alitwambia tusitazame saa, naye alikuwa na saa mbili za kupimia, moja shingoni na moja mfukoni, akiogopa ya kwanza isije ikasimama. Alituambia mashindano ni mambo ya watu wasio na kazi, na siku tuliyoshika nafasi ya pili alikataa chakula. Alikuwa na ulimi mpole kuliko mwalimu yeyote niliyempata, na kwa kuchelewa alikuwa katili. Ukifika dakika moja baada ya filimbi, uko nje ya timu mpaka muhula uishe. Hakukuwa na "samahani Kocha" wala "gari lilikwama." Hilo la kuchelewa lishike, kwa sababu ndilo lililotufunga sote wawili.

Kulikuwa na neno lake lingine ambalo wanafunzi waliligeuza mzaha: "Nina watu majini." Mkewe alikuwa Mombasa, na simu yake ilipolia wakati wa mazoezi Kocha aliipokea, akasema, "Nina watu majini," akakata. Daktari wa meno alimtaka Jumanne, akamjibu ana watu majini. Mwenzake aliyekuwa akistaafu alimwita kwenye karamu ya kumuaga, jibu likawa hilo hilo. Siku moja bwawa lilikuwa limetolewa maji yote likisuguliwa kwa brashi, kavu kabisa, nikamwambia Idi ni kesho kutwa, kwa nini asipande basi la asubuhi akakae kwao wiki moja.

"Nina watu majini," akasema, na hakuwa anatania.

Alikwenda Idi siku mbili na siku ya tatu alikuwa amerudi kwenye chumba chake cha Kangemi.

Lakini kilichomfanya ajulikane na vyuo vingine ni jinsi alivyowatoa watu majini. Makocha wote wanapuliza filimbi na watu wanatoka. Yeye, mazoezi yakiisha, alisimama kwenye kona ya kina kirefu akaita mmoja mmoja kwa majina matatu: la kwako, la baba na la babu, au vyovyote kwenu mnavyopangana. Ukiitwa unatoka, unasimama miguu yote miwili kwenye saruji, unamtazama usoni na unajibu, "Nimetoka." Ndipo anaita mwingine. Hujaitwa, hutoki, hata meno yakigongana. Watu ishirini wangeweza kuchukua robo saa, na Julai ya Nairobi unaijua.

Majina ya utani hayakukubaliwa. Kulikuwa na kijana ambaye chuo kizima kilimwita Mrefu, mpaka walimu. Siku moja Kocha alilisahau jina lake la tatu. Wenzake wakapiga kelele kutoka kandoni, "Si ni Mrefu tu, Kocha! Mtoe, anaganda!" Kocha akakataa. Alimwacha majini akitetemeka, akaenda kwenye daftari, akarudi, akamwita vizuri.

"Kocha, aki si ungeniita tu Mrefu," kijana alilalamika akijifuta.

"Mtu haitwi kwa utani akiwa majini. Wala kwa cheo. Mimi mwenyewe, niite Kocha mara mia, sitageuka. Kocha ni kazi. Kazi haizami, anazama mtu."

Wageni walichukua video za utaratibu huo na kucheka. Mimi sikucheka hata siku moja, kwa maana nilijua ulianza lini. Haukuwepo nilipojiunga. Uliletwa na Jumamosi moja ya mwaka wangu wa pili, na Jumamosi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, ingawa nimezunguka sana kabla ya kuifikia.

Wakati ule Kocha alihesabu vichwa kama kocha mwingine yeyote. Alitupanga kandoni, akatuhesabu, akaandika namba kwa chaki kwenye ubao mdogo uliotundikwa mlango wa pampu. Sote tulivaa kofia za mpira za rangi moja, bluu, zilizotolewa na chuo. Tukishaingia majini alitembea kandoni akihesabu kofia, na hesabu ikilingana na ubao moyo wake unatulia.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwenda Kenyatta Market kusukwa. Msusi wangu alikuwa na maneno mengi na mikono michache, na nilipotazama saa ilikuwa imebaki nusu saa. Mashindano yalikuwa wiki iliyofuata. Nilifika chuoni nikikimbia, filimbi imeshapulizwa, na mlango wa chuma bado haujafungwa. Kocha alikuwa upande wa pili amenipa mgongo, akimrekebisha mtu mkono. Nikapita nyuma ya chumba cha pampu, nikavua nguo za juu, nikasokomeza misuko yangu mipya ndani ya kofia, nikateleza majini kwenye kona ya kina kirefu bila kufanya mshindo. Walikuwa kwenye mzunguko wa pili. Nikaunga mstari kana kwamba nilikuwepo tangu mwanzo. Nilijiona mjanja sana.

Ubao ulisema 11. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.

Sijui ni dakika ngapi zilipita. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mkimya, ambaye sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu, "Sasa?" na "Poa", alishikwa na mkakamao wa mguu akaenda chini bila sauti. Watu hudhani mtu anayezama hupiga kelele. Hapigi. Kocha alitembea kandoni, akahesabu kofia, akapata kumi na moja, akatazama ubao, ukamwambia kumi na moja. Akaendelea kutembea. Nafasi ya yule msichana nilikuwa nimeikalia mimi.

Aliyemwona ni mwogeleaji mmoja aliyegusa mgongo wake kwa vidole alipopinduka ukutani. Alipopiga ukelele Kocha aliruka na nguo zake, na viatu, na saa zote mbili. Alimtoa, akamlaza, akafanya yale aliyotufundisha, akayafanya kwa muda mrefu sana, mpaka msichana akatapika maji na kulia. Alipona. Alikaa hospitali siku chache, wazazi wakamchukua nyumbani, na chuo chetu hakukiona tena. Nilisikia ana watoto wawili sasa na hapendi hata kuvuka daraja.

Jioni ile ile wakubwa wa chuo walitaka orodha ya waliokuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, Kocha akanipa karatasi. Niliandika majina ya wote, matatu matatu. Kumi na moja. Nikasimama hapo kalamu ikiwa hewani. Kama ningeacha jina langu, mtu angeuliza mbona nimelowa. Kama ningeliandika na kueleza, nilikuwa nje ya timu, na labda nje ya chuo. Nikaliandika la mwisho, bila kueleza.

Kocha aliichukua karatasi, akaisoma, akahesabu kwa kidole. Akanitazama.

"Mulikuwa kumi na wawili tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Kocha."

Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na niliogopa, na yeye akaiamini orodha kuliko macho yake. Aliwaambia wakubwa kwamba alihesabu vibaya toka kandoni. Akatia sahihi chini ya orodha kwa neno moja, "Kocha," kama alivyotia sahihi kila kitu.

Lipo jambo ambalo sote tulilijua wakati huo: alikuwa anaondoka. Kwao Mombasa alikuwa amepata kazi aliyoililia miaka mingi, ya kufundisha watoto wa mitaa ya ufuoni kuogelea baharini. Mkewe alikuwa ametangulia na vyombo na magodoro, na yeye alikuwa amebakiza muhula huo tu. Wiki iliyofuata aliwaandikia waliompa kazi kwamba haendi. Nilimsikia akimweleza mkewe kwenye simu, amesimama kwenye kona ya kina kirefu: "Mtu asiyejua kuhesabu kumi na wawili kwenye karai, bahari wampe ya nini?" Akasikiliza. Kisha akasema ana watu majini, na hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo ilipoanza ile ya majina matatu. Hapo pia ndipo nilipoacha kuogelea. Nilisema bega linauma, na Kocha, ambaye hakusamehe bega la mtu yeyote, alinipa saa akaniambia nipime wenzangu. Kwa hiyo utaratibu wa majina ulinipita. Sikuwahi kuitwa.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi River Road, katika duka la kuchapisha kadi za arusi, kalenda na risiti, orofa ya kwanza juu ya duka la misumari na rangi. Mwenye duka, Mzee Patel kwa wateja na Uncle kwetu sisi wafanyakazi, ni mtu wa haki na wa chai nyingi. Siku tano na nusu nilikuwa wake. Jumamosi alasiri nilipanda kwenda Loresho kushika saa. Nilijidanganya kwamba ni mapenzi ya mchezo. Ukweli ni kwamba kila Jumamosi nilikwenda nikikusudia kumwambia, na kila Jumamosi nilirudi sijamwambia. Mwanamume mmoja aliyetaka kunioa alipata kazi Nakuru, akaniuliza tunahama lini. Nikamwambia mimi nina Jumamosi. Aliningoja kidogo, kisha akaoa mwingine, na simlaumu.

Niliona jinsi Kocha alivyozidi kukonda ndani ya ukuta ule. Nilihisi ule ukuta wenye vipande vya chupa umejengwa na mimi, na kwamba niliujenga nikiwa upande wa ndani.

Mwaka huu Uncle amefungua duka la pili, Kisumu, na akaniita akiwa amekaa katikati ya marobota ya karatasi. "Wewe ndiye nataka uende ushike hiyo duka. Lakini niambie Jumatatu. Usiniletee tena hiyo story yako ya Jumamosi."

Basi Jumamosi iliyopita nilimpigia Kocha asubuhi, nikamwomba tule pamoja kabla ya mazoezi ya saa tisa. Alishangaa, akakubali.

Alifika Kenyatta Market na kofia yake, amezeeka, miguu yake ikiwa bado na ule mwendo wa mtu anayeogopa kuteleza kwenye saruji. Akasimama mlangoni, midomo ikacheza, akapitisha macho, akakaa. Tuliagiza mbuzi nusu kilo na ugali. Mchomaji akakata nyama kwenye ubao, akaweka chumvi pembeni. Kocha alikula vipande viwili.

"Haya, mwanangu. Uso wako umejaa. Sema."

Nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka kumi na saba, na yalipotoka hayakuwa hata kumi na saba. Nilimwambia sikuwepo alipotupanga. Nilikuwa hapa, soko hili hili, nikisukwa.

Akaweka chini kipande alichokuwa ameshika.

"Hebu nieleze tena polepole. Mimi nikihesabu kandoni, wewe hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Ukaingia lini?"

"Mzunguko wa pili. Nyuma ya pampu. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Na ubao ulisema kumi na moja."

"Ulisema kweli, Kocha. Hukukosea. Mimi ndiye niliyeandika jina langu kwenye ile karatasi."

Nyuma yetu wasusi walikuwa wakiitana, na mteja mmoja alilalamika amevutwa nywele. Nilingoja aninyanyukie, na ningemshukuru.

"Miaka kumi na saba," akasema, "mke wangu anapika chungu cha mtu mmoja."

"Najua, Kocha."

"Hujui. Ungeniambia jioni ile, ningekutoa kwenye timu. Ningekukasirikia wiki mbili. Na muhula ukiisha, ningekuwa kwetu."

Nilianza kulia, na sikujificha. Mama wa kachumbari akatutazama, akatazama pembeni. Nilipopata sauti nilimwambia lile nililodhani ndilo zawadi niliyomletea: sasa anaweza kwenda. Hakukosea. Alihesabu sawasawa.

Kocha akatikisa kichwa.

"Hiyo ndiyo habari mbaya uliyoniletea. Nilikuwa nikidhani ni hesabu, na hesabu mtu hujifunza. Kumbe nilihesabu sawasawa na yule mtoto akalala chini vilevile. Niliona kofia kumi na moja, nikaridhika. Sikutazama ni za nani." Akafuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi. "Ningelikuwa nikitazama watu, ningekuona wewe umezidi, na ningemwona yeye amepungua."

"Lakini Kocha..."

"Umepewa kazi wapi?"

Sikuwa nimemwambia la Kisumu. Sijui alilionaje. Nikamweleza, na nikamwambia Uncle anataka jibu Jumatatu. Akatia mkono ndani ya kofia yake, kwenye ule upindo wa ndani ambao wazee wa pwani huweka vitu vya thamani, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu. Aliikunjua taratibu juu ya meza, mbali na mafuta. Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Ulikuwa wangu. Ile orodha yenyewe, wakubwa walipewa nakala tu: kumi na wawili, na jina langu mwishoni.

"Hawa nawasoma kila siku," akasema. "Kumi na mmoja walishatoka. Mmoja sijamwita."

Akaniomba kalamu. Kisha akasimama, pale pale katikati ya moshi na watu wakila, akavuta pumzi kama alivyofanya kwenye kona ya kina kirefu, na akaniita. Majina yangu yote matatu, hata lile la babu ambalo hakuna anayelitumia tena, kwa sauti iliyofanya meza tatu zinyamaze.

"Toka majini."

Nikasimama. Niliweka miguu yote miwili sawasawa kwenye sakafu. Nikamtazama usoni.

"Nimetoka," nikasema.

Akapiga mstari juu ya jina langu, mmoja, ulionyooka, akanirudishia kalamu. Karatasi akaikunja tena, akairudisha kwenye kofia. Chini kabisa niliiona sahihi yake ikipotea kwenye mkunjo, lile neno moja tu.

"Panda basi la Jumatatu, usingoje," akasema. "Saa nane na nusu hii, mimi nina watu majini."

Akaanza kuondoka, akipita katikati ya viti na mabeseni ya nyama. Na mimi ambaye nimetoka sasa hivi nikaona wazi alipo yeye. Nilitaka kumtoa. Utaratibu niliujua vizuri kuliko mtu yeyote, nimeusikia kila Jumamosi miaka kumi na saba, na ulikuwa rahisi: majina matatu, kwa sauti. Lakini kwenye simu yangu ameandikwa Kocha, na laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la mkewe. Mlinzi wa chuo humwita Kocha. Kwenye orodha ametia sahihi Kocha. Miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumuuliza.

"Kocha!" nikaita.

Mchomaji aligeuka. Kijana mmoja mwenye jezi ya mpira akageuka pia, akidhani ni yeye. "Kocha!" nikaita tena, kwa nguvu. Yeye aliendelea kwenda, kofia yake ikipungua kati ya vichwa vya watu, na nikatafuta jina lake kichwani mwangu, la kwanza, la pili, la tatu, nikakosa hata moja.